Mota ya Feni ya Mama Chebet

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Eldoret
Jumatano 12/2/2025, saa nne asubuhi

Jina: Rosebella Nabwire
Umri: Miaka 43
Kazi: Fundi wa friji na AC
Makao: Langas

Mnamo Jumanne tarehe 11, saa mbili asubuhi, Mama Chebet wa Kapsoya alinipigia simu kwamba AC yake haitoi baridi. Binti yake, Chebet, ana miaka sita na alizaliwa bila uwezo wa kutoa jasho. Joto la Februari likimpanda, anazirai. Nilifika, nikafungua mtambo wa nje, nikakuta mota ya feni na kapasita ya kuiwasha zimeibwa, nyaya zimekatwa kwa kisu.

Nilimwacha mama akimpanguza mtoto kwa kitambaa chenye maji. Nilizunguka maduka manne ya spea mjini. Wote walisema mota ya aina hiyo inaagizwa Nairobi, nisubiri siku nne. Duka la mwisho walinielekeza kwa Lazarus, muuzaji wa spea kuukuu karibu na soko.

Saa sita na dakika kumi Lazarus aliniwekea mota mezani. Niliijua. Mwaka jana niliitengeneza mimi, na kwa kukosa waya niliunga kipande cha waya wa pasi yangu, ule uliovikwa kitambaa chenye madoadoa. Kipande kilikuwa hapo. Sikuonyesha kitu. Niliuliza kapasita. Lazarus akasema aliyemletea mota anayo, akampigia simu. Mimi nikatoka nje nikapigia polisi.

Aliyekuja na kapasita ni Austine, aliyepaka rangi nyumba ya Mama Chebet mwezi uliopita. Alisema spea ni zake, alizinunua Nakuru.

Nikamwambia, "Kama ni zako, niambie huu waya ulitoka wapi."

Aligeuka atoke. Konstebo Kituyi alikuwa tayari mlangoni.

Konstebo alitaka kuchukua spea kama vielelezo. Nilimwambia, "Afande, huyo mtoto hawezi kungoja kesi." Alimpigia simu OCS, mkuu wa kituo, akazipiga picha, nikatia sahihi, nikaondoka nazo.

Saa tisa na robo feni ilizunguka. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa na sijawahi kusikia mlio mtamu hivyo. Saa kumi Chebet aliamka akasema anasikia baridi, aletewe sweta. Mama yake alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda. Nimesomewa, na ni ya kweli.

Sahihi: R. Nabwire

Yamerekodiwa nami, Sajini Jepkosgei. Mshukiwa yuko korokoroni. Vielelezo viko Kapsoya, vinafanya kazi.