Mashine Namba Nne ya Kakuma

Jumatatu, 7 Juni 1999 — Lodwar

Virusi tena! Mara ya tatu mwaka huu. Mashine zote nne za chumba cha taipu cha kanisa kule kambi ya wakimbizi ya Kakuma zimelala, na barua za watu zimeliwa. Najua jinsi vilivyoingia. Disketi za wilaya hii hutembea kuliko mbuzi — ofisi hadi ofisi, hadi kambini, na kurudi. Hakuna anayeuliza jana ilikuwa imelala kwa nani.

Kamati ya chumba hicho imeniletea ujumbe: nikishindwa safari hii, watamwita fundi wa Kitale. "Injinia." Mimi nilipiga taipu serikalini miaka kumi na mmoja, nikapunguzwa kazi '96 kwa barua ya mistari mitano. Nikafungua ofisi yangu hapa bila mkopo wa mtu. Kompyuta nimejifunza kwa bisibisi na ukaidi. Na bado ni "yule mama wa taipu". Sawa.

Dawa ninayo. Ile CD niliyoikuta Eldoret imebandikwa kwenye jarida. Linux. Inakaa ndani ya mashine mahali pa Windows na kuendesha kila kitu. Imeandikwa na watu wa nchi nyingi, wakaiacha wazi: nakili, geuza, mpe mwenzako, hakuna wa kukuuliza. Kwenye mashine yangu ipo tangu Februari, na virusi vya disketi zetu havijaipata hata siku moja.

Nitawapelekea. Kitu kizima, cha bure! Nani atakataa?

Ijumaa, 11 Juni — Kakuma

Wamekataa.

Nilifika na msafara wa magari unaolindwa na polisi, vumbi hadi kwenye meno. Wanakamati watano kwenye benchi wananingoja. Neno langu la kwanza: "Ni ya bure." Kosa! Nyuso zikajifunga hapo hapo.

Aguer ndiye mweka hazina, ana duka kubwa upande wa Wadinka. Akacheka. "Ya Madam, bure unafundisha sisi? Hapa kila kitu ni bure. Mahindi bure, mafuta bure. Halafu siku moja wanasema kalas, mgao umekatwa. Utalilia nani? Kitu ya bure iko na mwenyewe, na mwenyewe hayuko hapa."

Mama Athieng, mwenyekiti, akataka kujua ikiharibika tutamshtaki nani. Nikasema wako wengi, dunia nzima, walioiandika. Akaniangalia kama nimesema nitaushtaki upepo.

Na Lueth, mwakilishi wa wanafunzi, anayetafuta kazi kwenye mashirika: "Madam, kwa interview nikisema niko na Linux, si watanipeleka hospitali?" Benchi zima likacheka. Mimi pia karibu.

Wakanyoosha mikono. Watano kwa sifuri. Nikazisafisha mashine zao kwa njia ya zamani.

Jumamosi, 12 Juni — Kakuma

Msafara wa kurudi bado. Nikakaa nyuma kwenye darasa la mle chumbani, kwa hasira tu. Wanafunzi ishirini na watatu. Nikawauliza: mnatumia nini hapa? Kumi na tisa wakasema kompyuta. Watatu wakasema Windows. Mmoja akasema umeme!

Halafu nikaona. Hawasomi maneno! Mwalimu amechora kioo cha kompyuta ukutani kwa makaa: shuka kona ya chini kushoto, panda tatu, ingia. Mama Athieng, ambaye naye ni mwanafunzi, ameandika barua nzima ya kumwombea mwanawe shule bila kusoma neno moja la Kiingereza kwenye kile kioo. Mkono unaijua njia, kama mtu anavyotoka kwake hadi bombani gizani.

Kumbe sikuwa nawaomba wabadilishe programu. Nilikuwa nawaomba wahame. Watu hawa! Waliohama mara ngapi!

Jumatano, 16 Juni — Lodwar

Nimepanga na kupangua kioo cha Linux kifanane na cha Windows. Kitufe: kona ya chini kushoto. Barua: ya tatu kutoka chini. Rangi: bluu ile ile. Mtu akishika njia yake ya kila siku, atafika.

Halafu nikafanya jambo ambalo kwenye ile nyingine lisingewezekana. Nikaingia ndani na kubadilisha maneno. Andika. Hifadhi. Chapisha. Funga. Maneno yangu, yamekaa kwenye kioo kama watu waliozaliwa hapo! Nani mwingine amefanya hivi Turkana? Wacha Turkana — nani Kenya? Nilizunguka meza peke yangu kama bibi harusi.

Nakeno anayeuza samaki mkavu mlango wa pili akaja kuchungulia. Akasoma kwa sauti: "Funga." Akauliza zamani ilikuwa inasema lugha gani. Kiingereza, nikamwambia. "Ejok, vizuri," akasema. "Sasa imepata adabu."

Jumatatu, 21 Juni — Kakuma

Nimekuja kufundisha wiki nzima. Asubuhi, kabla ya darasa, nimeiweka kwenye mashine moja tu, namba nne. Nikamwambia Mama Athieng: "Hii nimeitengeneza kwa njia nyingine. Ijaribuni." Kweli tupu. Ila si kweli yote.

Alhamisi, 24 Juni — Kakuma

Virusi vimerudi, ndani ya disketi ya Lueth, ambaye anaapa kwamba disketi yake ni safi kama sahani ya Jumapili. Namba moja iko chini tangu Jumanne. Mbili na tatu zimefuata jana. Nne inadunda!

Leo foleni ilikuwa ya namba nne peke yake, hadi mlangoni. Nyawech, mama wa watoto wawili, mwepesi kuliko wote darasani, anawatangazia wenzake: "Hii inasema Kiswahili, na haigonjeki." Hakuna aliyeuliza ni nini. Hakuna aliyeuliza bei. Mkono ulishuka kona ya chini kushoto na kazi ikaendelea.

Nilikuwa kifua mbele hadi Aguer alipoingia. Akasimama nyuma ya foleni, akatazama, akatikisa kichwa. "Aa, huyu fundi wa Kitale ni hatari! Alikuja lini?"

"Ni mimi, Aguer."

"Wewe na nani?"

Mungu nipe subira! Mimi na nani!

Jioni Mama Athieng akaja na ombi la kamati: zile tatu zitengenezwe kama namba nne, kesho. Kazi ya mashine zao ibaki kwangu, Kitale wasahau. Ningeweza kuitikia tu. Nusu siku ya kazi, imekwisha.

Sijaitikia. Nimesema kesho nitazungumza kwanza. Waliikataa kwa mikono yao, na mimi nimeipitisha mlango wa nyuma. Hilo moja. La pili, niliandike hapa ambapo hasomi mtu: sitaki kitu nilichokitengeneza kiishi hapa bila jina langu. Nimepunguzwa mara moja. Inatosha.

Ijumaa, 25 Juni — Kakuma

Naandika humu chumbani, daftari kwenye goti. Mambo bado yanaendelea.

Nimewaambia. Namba nne ndiyo ile mliyoikataa.

Aguer akaruka. "Umetudanganya!"

"Nimewaficha siku nne. Ya tano ndiyo ingekuwa kudanganya."

"Ndiyo hii ya bure?" Mama Athieng, polepole.

"Ndiyo hii."

"Na mwenyewe akiikata?" Aguer tena.

Nikaiweka CD mezani mbele yake. "Ndiyo hii yote. Na maneno ya Kiswahili nimeyaweka kwenye hii disketi. Chukueni. Nakilini mara mia. Nikifa, nikiwakasirikia, nikirudi kwetu Kericho — itaendelea. Mgao hukatwa na aliye na ghala. Ghala ndilo hili, liko mkononi mwako."

Aguer akaigeuza CD, akaona uso wake humo. Yeye ni mfanyabiashara, hesabu haimchukui muda. "Basi wewe tutakuita kwa kazi gani tena?"

Swali lilifika. Hesabu hiyo nilishaipiga usiku: safari nane kati ya kumi zinazolipia ofisi yangu ni za virusi vya Kakuma.

"Pengine hamtaniita," nikasema.

Safari hii Aguer hakucheka.

Mama Athieng hakuitisha kura. Akasema: "Nyawech, kaa namba moja. Iweke wewe. Madam asiguse."

Basi sigusi. Kalamu tu. Kioo kilipouliza kwa Kiingereza kama kila kitu kilichomo kifutwe, Nyawech akageuka kunitazama. Nikatazama ukuta. Akabonyeza.

Asilimia kumi na nane. Lueth ananong'ona kwamba kwa interview atasema ameiona ikizaliwa.

Asilimia arobaini. Jenereta inakohoa! Ikizima sasa hivi, namba moja itabaki bati, na watasema, si tulisema? Lueth ametoka kuangalia. Amerudi: dizeli ya chumba imekwisha, mwenye ufunguo wa stoo ameenda Lokichoggio.

Aguer amesimama. Nilidhani anaondoka. Ameokota mtungi mtupu pale mlangoni. "Mtu asizime kitu. Kwa duka yangu iko." Na ameondoka mbio — mtu mzima, tumbo lile, jua la saa nane!

Hamsini na mbili. Picha imejikunja kwenye kioo, imenyooka. Nyawech ameishika meza kwa mikono miwili kana kwamba ndiyo inayotaka kuzima. Mama Athieng amemsogelea, anasoma polepole kila namba inayopita. Wengine wamepanda juu ya benchi. Hakuna hata mmoja anayenitazama mimi.

Hamsini na tano — naweka kalamu, nikatazame nao.