Maji kwenye Filta, Prisila Katikati

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Taa ya njano ya filta imewaka tangu jana tukitoka kanisani. Pikapu inakohoa! Ukikanyaga mafuta inasitasita, halafu inaruka. Wiki gani hii ya gari kuugua? Madaktari wa macho wako Mpanda mpaka Ijumaa tu. Prisila wangu, jicho la kushoto limekwisha, la kulia linaona vivuli. Leo asubuhi kalisalimia shati langu kwenye kamba ya nguo, akidhani ni mimi. Nimecheka mbele yake. Nilipofika nyuma ya nyumba sikucheka.

Wakiondoka hao, kurudi ni mwakani. Bodaboda mgongo wake hauwezi. Basi la abiria, mvua zikianza, huku Ugalla halifiki. Na fundi wa karibu yuko Mpanda — huko huko gari linakotakiwa kufika!

Jumanne, 12 Novemba

Prisila anasema mkwe wetu Nyamizi anajua. Kweli, kasomea magari chuo cha ufundi Tabora kabla mwanetu Enoka hajamuoa. Enoka mwenyewe yuko Tunduma, kwenye ujenzi wa barabara.

Lakini mkwe ni mkwe! Kwetu Wasukuma baba mkwe na mke wa mwanawe hawasogeleani. Hanipi kitu mkononi, hali mbele yangu, nikipita anapisha njia. Akiwa na neno, anampa mama yake mkwe aniletee. Leo tuinamishe vichwa viwili kwenye boneti moja? Watasema Mwalimu Manyanda kapata wazimu baada ya kustaafu.

Prisila kasema atatafuta njia. Huyu mama akisema hivyo, mimi hunyamaza.

Jumatano, 13 Novemba

Tumefanya! Mimi kwenye boneti. Nyamizi nyuma ya ukuta wa jiko. Prisila kwenye kigoda katikati, anapokea maneno kule, analeta huku. Asiyeona ndiye kawa kiongozi wa msafara.

Maelekezo: baba atafute filta, lile kopo lililosimama, chini yake kuna koki ndogo ya plastiki. Akinge chombo. Alegeze kidogo tu, asiing'oe. Prisila akarudia: kidogo tu, usiing'oe. Nimesikia, nimesikia! Nikaing'oa. Ikadondoka kwenye tope, dizeli ikanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nyuma ya ukuta kicheko kilichobanwa kwa kanga. Prisila hakubana chake.

Nimeiokota, nimeifuta, nimeirudisha. Halafu ile pampu ya juu ya filta — unaibonyeza kwa kiganja, maji yanasukumwa yatoke chini. Nikakinga kwenye chupa ya plastiki. Ikatulia: dizeli juu, maji chini, vidole vitatu kamili! Nikamwinulia Prisila chupa aone. Halafu nikakumbuka.

Kaza koki, bonyeza pampu mpaka iwe ngumu, washa. Imewaka, na taa imezimika! Nimetamani kumpigia mkwe makofi. Nimekohoa tu.

Nyamizi kauliza, kupitia kwa mama, dizeli ilitoka wapi, maana maji ni mengi. Nikasema ni huyo Bartolomeo anayeuza kwa madumu, mwizi mkubwa. Nimemtukana kwa sauti mpaka majirani wamesikia.

Alhamisi, 14 Novemba

Bartolomeo hana kosa.

Leo nimeinusa ile chupa. Asali! Ni dumu langu, lile la asali ya Julai. Nililisuuza kwa maji ya moto, nikaliegemeza ukutani, nikalipeleka likajazwe dizeli. Maji yalikuwa yanacheza ndani, niliyasikia. Nikasema ni kidogo, dizeli itayamaliza. Dumu zima nikalimimina kwenye tenki. Na miaka thelathini na mmoja nimefundisha sayansi, mafuta huelea juu ya maji!

Mchana Nyamizi kauliza tena kupitia kwa mama: baba ana hakika maji hayajabaki kwenye tenki? Kama yapo, filta peke yake haisaidii, lazima tenki nalo litolewe maji kwa chini. Nikajibu nina hakika. Nimeona aibu. Mficha uchi hazai — mara ngapi nimeiandika ubaoni? Lakini gari limetulia, taa haijawaka tena. Kesho alfajiri tunaondoka.

Ijumaa, 15 Novemba

Saa tatu asubuhi. Naandika pembeni ya barabara.

Tumeondoka saa kumi na moja. Mimi na Prisila mbele, Nyamizi nyuma kwenye bodi chini ya turubai, maana hawezi kukaa kiti kimoja na mimi. Mteremko wa tatu, taa ya njano. Kisha pikapu ikazima katikati ya pori. Nimetoa maji ya filta mwenyewe, mara mbili. Inawaka, inakwenda kidogo, inazima. Hakuna gari lililopita. Madaktari wanapokea wagonjwa mpaka saa sita!

Prisila kavaa gauni lake la Pasaka, kashika kadi ya hospitali, uso kauelekeza barabarani utadhani anaiona. Ni mimi niliyemkalisha hapa. Roho inaniuma. Nimekuja kukaa na daftari, nimelipa gari mgongo.

Nyamizi kashuka. Kaingia mvunguni mwa gari na spana, bila kuambiwa. Nasikia anatafuta nati ya tenki. Sasa kasema, taratibu: mama, muulize baba, humu ndani mna maji kiasi gani?

Nimemsubiri Prisila alilete swali. Halikuja. Nikageuka.

"Mimi mabovu ni macho, Baba Enoka," kasema. "Wewe masikio yako mazima."

Halafu kutoka mvunguni:

"Baba?"

Miaka sita ya ndoa yao, hajawahi kuniita.

"Baba, mna maji kiasi gani?"

Naweka kalamu, nimjibu mwenyewe.