Okei Niliyomjibu Meneja

Shamba la chai, Kericho

Mke wangu Ghati,

Salamu zikukute mzima, wewe na Mwita wetu. Kikohozi chake kimepoa? Na mama, mguu unamruhusu kwenda kisimani? Mimi mwili ni mzima, moyo siyo. Katekista anayekusomea asome polepole, asiruke kitu.

Nimesikia ulivyosema, kwamba ulezi ukivunwa sijarudi, unarudi kwa baba yako kule Nyansurura. Hilo nitalifikia. Nianze na swali lako, ambalo ni jepesi.

Umeuliza hii "okei" ninayomalizia barua zangu ni kitu gani, maana hapo Itiryo mnaichekea. Ni neno la Kiingereza la kukubali: sawa, vema, imepita. Karani wa kiwandani huliandika kwa chaki kwenye kila sanduku la chai lililo zuri, herufi mbili tu. Nilimwuliza asili yake, akasema hata wazungu wanabishana. Yeye amesoma kwamba lilianza Amerika, waandishi wa magazeti wakifanya mzaha wa kuandika maneno ya Kiingereza ya "yote sahihi" kwa herufi zisizo sahihi, wakabakiza mbili za mwanzo. Mpishi wetu, aliyepigana Burma, hataki kusikia hayo. Anasema ni lugha ya wenyeji wa Amerika waliokuwepo kabla ya wazungu. Wamenuniana siku tatu.

Ningecheka nao, kama neno lenyewe lisingenifunga.

Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huu. Meneja alitupanga mstari, akauliza nani atabaki miaka miwili zaidi. Akafika kwangu: "Marwa, okei?" Nikajibu, "Okei, bwana." Nilijua maana yake, Ghati, ila sijawahi kusikia mtu akimjibu vingine. Kwetu ng'ombe mmoja wa mahari huzungumzwa kutwa nzima. Wazee wanatoka nje, wananong'onezana, wanarudi na kukataa, wanakula, ndipo wanakubali. Nami nilidhani mazungumzo ndiyo yanaanza. Karani akanipa kalamu, na wenzangu nyuma wakinisukuma nimalize.

Kesho yake nilimwendea meneja nikamwambia mke wangu ananingoja. Akanionyesha sahihi yangu. "Ukitoroka, polisi watakurudisha," akasema, akaendelea kunywa chai yake.

Nimelia, sikufichi. Kila asubuhi natazama barabara ya kwetu, naingia shambani. Siwezi kukuomba miaka miwili mingine.

Nisalimie baba na mama, dada yangu anayekusaidia kupalilia, na shemeji yetu mhunzi.

Ukiamua kwenda, nenda mchana, upite mbele ya boma na kumuaga baba. Anayeondoka kwa kujificha ni mwenye kosa, na wewe huna. Mwita nenda naye. Nimemwandikia baba asikuzuie. Na baba yako akikuuliza, usimwambie nimezuiliwa, lawama isije ikakuangukia wewe. Mwambie niliulizwa mbele ya watu, nikakubali.

Mimi mumeo,
Marwa