Wimbo wa Mapacha Bila Mapacha

Jumatatu, 6 Mei
Kabula, huna adabu! Nimemwambia asubuhi, naandika tena hapa hasira isipoe. Bendi yake ya magitaa ya umeme imetoa wimbo wa pili. Wa kwanza ulipigwa kila saluni hapa mtaani Kiseke. Huu nimeusikia nikiosha sufuria. Wimbo wangu! Ule wa mapacha, ninaouimba nikipepeta mchele. Sisi Wasukuma tunauimba mapacha wakizaliwa, na ukiimbwa lazima watu watukanane, matusi ya nguoni, ndiyo baraka yenyewe. Mjukuu wangu kaufanya wa mapenzi. Hakuuliza. Mwizi.

Jumatano, 8 Mei
Vijana wamegawanyika. Wengine wanaruka. Wengine wanasema kelele tupu, wa kwanza ulikuwa mtamu. Wazee ndio balaa. Wimbo ukipigwa stendi ya Buzuruga, bibi muuza ndizi anaijibu spika kwa matusi. Kondakta kakimbia. Nimecheka mpaka mbavu zimeuma. Kabula sijamwonyesha jino.

Alhamisi, 9 Mei
Masanja, mpiga ngoma wao, kaacha bendi. Mama yake ni mwanakwaya, kaona aibu kwa matusi ya wimbo, kamkataza. Bila Masanja hakuna bendi. Na Jumamosi wana onyesho ufukweni. Kabula hali chakula. Anasoma simu, analia.
"Bibi, nimekwisha."
"Hujaanza, utakwishaje?"
Roho imeniuma. Sitamwambia.

Jumapili, 12 Mei
Jana nilikwenda. Kulwa na Doto, mapacha wangu, niliwazaa mimi, nani atanizuia? Masanja kasimama nyuma na mama yake, mikono mfukoni. Wimbo bila ngoma, uji bila sukari. Watu wakaanza kuondoka. Kabula sauti ikamkatika. Nikapanda jukwaani, nikawatukana wote, kuanzia mwenye spika. Wazee wakanijibu. Mama Masanja, mwanakwaya yule, akanitukana kuliko wote! Kumbe anayajua. Masanja alipomsikia mama yake, mbio mpaka kwenye ngoma. Vijana wengine waliondoka hivyohivyo. Waende.

Jumatatu, 13 Mei
Manyunyu. Ziwa kimya. Sauti imenikauka. Kwenye simu bado wanabishana, wimbo mzuri, wimbo mbaya. Masanja kaja kula, kasema anabaki. Kabula kala ugali na sato, kalala.
Akiamka, avae kanga. Azunguke kwa kina mama wote wa mapacha mtaani, apige magoti, shikamoo kwanza, ndipo aombe ruhusa ya wimbo. Na wakimtukana, aitikie.