Zile Nzito Hazifutwi

Wanangu,

Msizime kompyuta! Inageuza picha nzito za kamera kuwa nyepesi, za kuwatumia shangazi zenu kwenye simu. Chakula kiko jikoni, kipasheni moto.

Asubuhi baba yenu kaniambia, “Ukishapata nyepesi, futa zile nzito, zinajaza mashine bure.” Bure! Nyepesi ukizikuza zinafanya ukungu. Nzito ndizo zenye kila kunyanzi la uso wa marehemu bibi yenu. Nikamjibu, “Basi anza kunifuta mimi.” Akacheka. Mimi sikucheka.

~~Mwambieni anisamehe kwa kufoka.~~ Msimwambie kitu. Nimeondoka na diski yenye nakala za zile nzito, naenda kuchapisha picha moja ya mama yangu, kubwa kama mlango. Itakaa sebuleni, juu ya televisheni yake, atake asitake.

Mama yenu