Maji ya Mapipa ya Dizeli

Kigoma, Jumanne

Nimenawa kwa sabuni mara tatu na harufu haitoki vidoleni. Kinyaa kitupu. Mapipa ya dizeli yamejazwa maji ya kunywa ya wakimbizi, na mkuu wangu wa stoo alitaka nisaini kwamba ni salama.

"Wachemshe tu, mafuta yatatoka na mvuke."

Nilimweleza kwamba petroli huruka upesi kwa kuwa molekuli zake ni fupi, hazishikani sana. Za dizeli ni ndefu, zimeng'ang'aniana. Maji yatachemka na kupungua, dizeli ibaki sufuriani.

"Msomi, wewe ni karani au mwalimu? Hicho kiti wanakitaka wengi."

Nikasaini.

Mama mmoja Mrundi alikinga ndoo, akanusa, akanitazama. "Mwanangu, haya yanafaa kunywa?"

Nikamwambia achemshe.