Linux Yako Bado Inauliza

Yaya, mkubwa wangu,

Mama amefika. Vita vilipoingia Goma alitoka na begi moja na kitenge alichovaa, na sasa analala katika chumba chako hapa Ruashi, Lubumbashi. Nyumba imeungua. Albamu za picha zimeungua. Hata ile diski ndogo ya nakala za picha uliyompelekea akutunzie, ukisema ya Lubumbashi ikiibwa ya Goma itabaki, nayo imekwenda na moto.

Kwa hiyo sura ya marehemu Baba imebaki mahali pamoja tu, ndani ya ordinatere yako, kompyuta uliyotuachia. Na ordinatere yako imefungwa.

Unakumbuka tulivyogombana juu ya Linux, mfumo unaoiendesha? Mimi nilipenda ile ya polepole, inayokaa miaka bila kubadilika. Wewe ulifukuzia ile ya kila miezi sita. Toleo jipya likitoka hulali mpaka uliweke. Nilikucheka: "Yaya, unabadilisha Linux kuliko shati!" Ukajibu kwamba hata Mama angeweza: chagua lugha, andika jina, bonyeza, nenda ukanywe chai. Mara ya mwisho nilikuwa nimekaa kando yako. Kikatokea kile kisanduku kinachouliza kama diski ifungwe kwa neno la siri. Ukakitia alama huku unaongea mambo mengine. "Mwizi akiibeba, atabeba chuma tu."

Basi mwizi ni mimi, Yaya. Malaria ilikupanda kichwani, ukawa unaongea maneno yasiyoshikika, na nani angemuuliza mgonjwa wa vile neno la siri? Tukakuzika nalo.

Nimezunguka kwa mafundi wote ninaowajua mjini. Haifunguki. Mmoja alinihurumia: "Petite, efface tu, ufute yote, uweke version mupya. Iko kazi kidogo sana." Ni kweli. Tangu uondoke yametoka matoleo mawili, na kuyaweka kumezidi kuwa rahisi. Bonyeza, bonyeza, na Baba amefutika. Ninauchukia urahisi huo.

Mama haelewi. Kila jioni anavuta kiti. "Baba yenu iko mule ndani? Umutoe basi, nimuone." Ninawasha. Inauliza neno la siri. Ninaandika lolote, inakataa, ninaandika lingine. Najua haitafunguka kamwe. Ninaandika ili Mama asikie vidole vyangu vinafanya kazi, maana akivisikia anasubiri, na akisubiri anakubali kula kidogo.

Msalimie Baba. Mwambie hata mimi sura yake imeanza kunitoka, na ninaogopa.

Lala, Yaya. Nakuahidi, Mama akiwa hai sitaweka toleo jipya juu yenu. Jana nilijaribu jina la Baba. Leo nimejaribu lako.